Sura Mpya ya Kapteni

Televisheni za siku hizi hazinuki. Ukiiwasha inawaka, ukiizima inazimika, basi. Zile zetu zilikuwa na harufu yake: vumbi lililopata joto mgongoni mwa kisanduku, vanishi ya mbao, na chini ya hayo yote asidi ya betri iliyokaa mvunguni mwa meza ikikuwasha pua. Mtu wa rika langu aliyekulia mahali ambapo stima ilikuwa habari ya mjini atanielewa. Harufu hiyo ilinijia juzi bila sababu yoyote, nikiwa sebuleni kwangu hapa Embu, nikimsikiliza mwanangu akinung'unika.

Mwanangu ana ndevu, ana kazi, na bado hajaachana na mambo ya watu wa angani. Kuna kipindi anachokingojea, cha watu wanaosafiri kati ya nyota. Kinarudi mwezi ujao baada ya kunyamaza miaka kadhaa, na mwigizaji mkuu amebadilishwa. "Mama, hawa watu watatuharibia," akasema, simu mkononi, akibishana na watu asiowajua wa nchi asizowahi kufika. "Huwezi kubadilisha mtu halafu umwachie jina lile lile." Nilitaka kucheka. Badala yake nilikwenda jikoni, nikafungua mfereji, nikaacha maji yamwagike bure. Maneno hayo niliwahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mtoto asiyekuwa na viatu.

Tulikaa nje kidogo ya soko la Ruiri, upande wa tambarare, ambako upepo haukosi na maji hukosa. Televisheni ilikuwa moja tu, ya Mwalimu, aliyetufundisha hesabu shuleni na kutuchapa kwa haki bila upendeleo. Ilionyesha nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya trekta iliyochajiwa kwenye kinu cha posho na kurudishwa kwa baiskeli kila Ijumaa. Jumamosi saa kumi na mbili jioni watoto tuliruhusiwa kuingia, kwa masharti mawili ya Mama Kinya, mke wa Mwalimu: miguu iliyooshwa, na kuni mkononi. Ukija na kijiti cha kuchokoa meno ulirudishwa kwenu mbele ya watu. Mimi nilikuwa nikianza kuzunguka na kuni zangu tangu saa tisa, nisije nikachelewa.

Kipindi chetu kilikuwa cha Kiingereza, nasi tulikiita Wale wa Juu. Kulikuwa na chombo kikubwa kilichoelea kati ya nyota, kulikuwa na fundi mzee mwenye nywele nyeupe aliyekitengeneza kila kilipoharibika, na kulikuwa na Kapteni Rolani. Kiingereza chetu kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda choo tu, kwa hivyo Mwalimu alitutafsiria kwa Kimeru bila kuondoa macho kwenye kioo. Kapteni Rolani hakuwa mtu wa kelele. Mambo yalipoharibika alisimama, mikono nyuma, kama mzee anayekagua mbuzi wa mahari, na hapo sisi sote tulijua hatutakufa. Kisha jioni moja chombo kikashika moto, Kapteni akawasukuma wenzake wote kwenye kichombo kidogo, yeye mwenyewe akabaki ndani ya moshi. Majina yakapita kwenye kioo. Jumamosi iliyofuata tuliosha miguu, tukabeba kuni, na tukaonyeshwa kwaya.

Tulivuna maharagwe mara mbili kabla ya kusikia lolote tena. Ndipo likaja tangazo, fupi, kabla ya habari. Kapteni Rolani anarudi. Mwezi ujao, Jumamosi, saa ile ile. Mwalimu alitafsiri mara mbili kwa sababu tulimwomba, na mara ya pili nilimwona anatabasamu mwenyewe.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yetu yaliumia kwelikweli. Mwezi ule hatukuwa na mazungumzo mengine. Tukienda maji ni Kapteni, tukirudi na mitungi ni Kapteni. Mutuma, aliyekuwa mkubwa wetu na aliyejiona mjuzi wa kila kitu, alikuwa na hofu yake maalum.

"Mimi naogopa kitu moja tu," alisema. "Watatuwekea mambo ya mapenzi. Mama Kinya atafunika kioo na kile kitambaa chake, na wakati anafunua, vita imeisha."

Hakuna aliyecheka. Kitambaa hicho, cheupe, kilichotariziwa maua, kilikuwa kimetuficha mambo mengi muhimu.

"Na betri ikiisha katikati?" aliuliza rafiki yangu Nkirote.

"Usiseme hivyo."

"Mimi nataka chombo kiwe kile kile. Wakileta ingine mpya, siangalii."

"Utaangalia."

"Nitaangalia lakini sitafurahi," akasema Nkirote, na mpaka leo sijasikia mtu aliyeeleza ushabiki vizuri zaidi ya hapo.

Mjini pengine watu walikuwa na magazeti ya kuwaambia nini kinakuja. Sisi tulikuwa na bucha. Mwenye bucha alifunga nyama kwa magazeti ya zamani, na mama yake Mutuma alikuwa amenunua matumbo. Mutuma alitukuta kisimani akikimbia, ameshika ukurasa mmoja kwa ncha za vidole, unanuka damu, nzi wanamfuata. Kulikuwa na picha. Mtu amevaa nguo za Kapteni, amesimama mikono nyuma, na chini yake limeandikwa jina la Rolani. Damu ilikuwa imekula nusu ya uso. Nusu iliyobaki ilitosha.

"Si yeye," akasema Mutuma. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Labda amezeeka," Nkirote akajaribu.

"Mtu akizeeka anapata pua ya mtu mwingine? Angalia hiyo masikio! Huwezi badilisha mtu halafu umwachie jina ile ile. Hiyo ni wizi."

Walibishana mpaka kivuli kikahama. Mimi niliutazama ule uso nusu kwa muda, kisha nikasema kitu nilichoona ni cha wazi kabisa.

"Ni yeye. Ni ntagu."

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyemtangulia katika ukoo, na mwenye jina lako ndiye ntagu wako, awe hai au awe amekwenda. Mdogo wangu aliitwa Muriungi, jina la babu, baba mzazi wa baba yangu. Wakati ule hakuwa hata ametimiza miaka minne, lakini Cucu, yaani nyanya yetu, alimwita "mume wangu" na hakuwa akifanya mchezo. Alimpakulia wa kwanza. Alimwachia kiti cha babu. Akikataa chakula, Cucu alimuuliza kwa upole amemkosea nini. Wakubwa walicheka, mimi sikucheka. Mimi nilielewa kwamba babu alipelekwa hospitali mjini akiwa mzee, akabadilishwa huko, akarudishwa kwetu akiwa mdogo. Hesabu ilikubali: tulizika sanduku kabla ya mvua, na Muriungi akaletwa mvua ikinyesha. Hakuna aliyeniambia hivyo, na hakuna aliyeniambia vingine.

Nilikuwa na sababu ya kutaka iwe hivyo, na sababu hiyo sikuwa nimemwambia mtu, hata Nkirote.

Babu alipoanza kuugua, wageni walikuja wengi kumjulia hali, na siku moja wageni hao walichinjiwa mbuzi wangu. Nasema wangu kwa sababu nilimlea kwa chupa mama yake alipokufa, na alinifuata mpaka mlangoni pa shule. Nilimkasirikia babu kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kisu, na yeye masikini hakuweza hata kushika kikombe. Asubuhi ya kupelekwa hospitali, gari aina ya pikapu lilifika, wakamlaza nyuma juu ya godoro, na akataka kuagana na mimi. Nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilisikia akiniita. "Kendi." Sauti ilikuwa nyembamba lakini nilisikia. Akaita tena. Baba akasema, "Huyo ameenda maji, atakuona ukirudi." Gari likaondoka. Sikuitika, na babu hakurudi.

Basi unaona kilichokuwa kinanisumbua. Nilikuwa na msamaha wa kuomba, na mwenye kuutoa alikuwa yule mtoto aliyekuwa akila udongo pale uani. Lakini utamwombaje msamaha mtu asiyekumbuka kosa? Nilikuwa nimemjaribu mara nyingi. Nilimpeleka nyuma ya ghala nikamuuliza, "Unakumbuka hapa?" Akasema ee. Nikafurahi. Kisha nikamuuliza, "Wewe ni kuku?" Akasema ee. Shahidi wa namna hiyo hata chifu angemfukuza.

Kwa hivyo nikaliweka jambo lote juu ya Kapteni. Kama Rolani mwenye sura mpya atamtambua yule fundi mzee aliyefanya naye kazi miaka yote, basi ndivyo dunia ilivyo: mtu hubadilishwa mwili na kumbukumbu zikabaki, na Muriungi naye akikua kidogo na kupata maneno, atakumbuka. Kama hatamtambua, basi babu alikwisha kabisa, na mimi nitabaki na lile kosa langu mpaka nizeeke nalo. Wenzangu waliogopa kitambaa cha Mama Kinya. Mimi nilikuwa nikiogopa hilo, na nililiogopa mchana kutwa, hata darasani.

Jumamosi ikafika. Kuni zilirundikwa mlangoni mpaka Mama Kinya akasema leo atapikia wilaya nzima. Tulikaa sakafuni tumebanana, magoti kwenye migongo ya wenzetu, Mwalimu kwenye kiti chake, betri imejaa. Kioo kikawaka, kikatoa ile harufu yake, na chombo kikatokea kati ya nyota.

"Ni kile kile," Nkirote akaninong'oneza, akanishika mkono mpaka ukauma.

Fundi mzee naye alikuwepo. Watu walimpigia makofi kama mjomba aliyerudi kutoka Mombasa. Alikuwa ameinama anakaza kitu, mlango ukafunguka nyuma yake, akaingia mtu. Alikuwa yule wa bucha, sasa uso wake mzima, bila damu. Akasimama mikono nyuma.

"Anasimama kama yeye," akasema mtu gizani, na hata Mutuma hakupinga.

Fundi mzee aligeuka. Spana ikamponyoka. Akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto, akasema neno. Kapteni alimtazama. Alimtazama kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu mtu hamtazami wa kwao kwa adabu namna hiyo. Kisha akajibu, nasi sote tukageuza shingo kumtazama Mwalimu.

"Anasema, 'Samahani mzee, mimi sikujui,'" Mwalimu akatafsiri.

Baadaye kidogo akatueleza zaidi. Kapteni alikuwa ameungua kwenye ule moto, waganga wa nyota ya mbali wakampa mwili mwingine, lakini yote ya nyuma yaliungua na hayatarudi.

Mutuma akajipiga paja. "Sasa hiyo inaeleweka! Si wangesema mapema!" Nyumba nzima ikapumua. Hofu zao zote zilikuwa zimekwisha, betri ilikuwa bado na nguvu, hakuna aliyebusiwa, kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya redio. Sikumbuki nimewahi kukaa katikati ya furaha kubwa kiasi kile nikiwa peke yangu. Nilisimama, nikakanyaga miguu ya watu, nikatoka.

"We Kendi, haijaisha!" Mwalimu aliniita.

Kwa hili niseme kabisa, maana najua kuna mashabiki kati yenu: nilirudi Jumamosi iliyofuata, na zilizofuata. Yule Kapteni mpya tulimzoea. Mutuma alifikia kumpenda kuliko wa kwanza, ingawa ukimuuliza leo atakana. Lakini jioni ile nilikimbia mpaka kwetu bila kugeuka.

Cucu alikuwa nje ya jikoni anachambua maharagwe kwenye uteo, ameuelekeza upande wa mwanga uliobaki.

"Leo wamemaliza mapema?" akauliza.

Nikalia. Nililia kwa kelele, ile ya mtoto anayetaka aulizwe, na Cucu hakuuliza, alisogea tu kwenye gogo nikapata pa kukaa. Basi nikamwambia yote. Kapteni na sura yake, fundi na mikono yake, kisha mbuzi, ghala, na jinsi babu alivyoniita mara mbili nikamsikia. Nilingoja anikaripie. Ningeshukuru kama angenikaripia.

Alichambua maharagwe kwa muda. Jiwe dogo alilolipata alilirusha kwa kuku.

"Babu yako alikufa," akasema hatimaye. "Mimi nilimwona ndani ya sanduku. Hakuna mtu amerudi kutoka huko, mwana wakwa, hata mmoja."

"Lakini unamwita Muriungi mume wangu."

"Namwita. Sasa nimwite nani? Nimekaa na mtu tangu nikiwa msichana, asubuhi Muriungi, jioni Muriungi. Akaenda, jina likabaki hapa mdomoni, sina pa kulipeleka. Usiku nilikuwa nalitaja peke yangu kama mwenda wazimu. Huyu mtoto alipokuja nikapata wa kumwita, na mtu anaitika. Unajua hiyo ni kitu kubwa namna gani?"

Sikujua. Sasa najua, maana na mimi nimezika.

"Lakini hakumbuki kitu," nikasema.

"Atakumbuka nini huyo? Hata chai ya asubuhi hakumbuki kama alikunywa, anadai ingine. Kukumbuka si kazi yake. Hiyo ni kazi yetu, mimi na wewe. Ukiwa na neno na babu yako, enda umwambie huyu. Yeye ndiye amekalia kiti." Akanifuta uso kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria. "Lakini usiende mikono mitupu, mtu mzima haendewi hivyo. Mpe kitu ya kula kwanza. Halafu umweleze yote, usifiche. Na usikie atasema nini."

"Na akisema tu ee?"

"Basi amesema ee."

Kesho yake, baada ya kanisa, nilichoma hindi. Nililichoma polepole lisiungue, nikalipangusa jivu, nikampelekea Muriungi uani. Alikuwa amevaa kaptula tu, tumbo mbele, anachimba shimo kwa kijiko ambacho Mama alikuwa akikitafuta. Nikapiga magoti mbele yake, kwa sababu niliona ndivyo inavyofaa, nikampa hindi kwa mikono miwili. Alilipokea bila kushangaa. Alikuwa amezoea heshima.

"Ulikuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa mzee. Ulikuwa na koti kubwa, na ukipiga mluzi mbuzi wote wanageuka."

Hilo lilimpendeza. "Na nilikuwa na nguvu?"

"Sana. Ulikuwa unabeba gunia mpaka barabarani bila kupumzika. Halafu ukaugua, gari ikaja kukuchukua." Nilitaka kuishia hapo, lakini Cucu alikuwa amesema nisifiche. "Ukaniita. Uliniita mara mbili. Nilikuwa pale, nyuma ya ghala. Nilikusikia, nikanyamaza tu."

Akaacha kutafuna. Alitazama upande wa ghala kwa muda mrefu, macho yake yakipita polepole toka kona hadi kona, kana kwamba yule msichana angali amejificha pale.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimekasirika. Kwa sababu ya mbuzi."

"Na mimi nilikasirika?"

Ni swali nililojiuliza kila siku tangu lile gari lilipoondoka, na sikuwahi kulipatia jibu.

"Sijui," nikasema. "Wewe ndiye unajua."

Muriungi akafikiri, mashavu yamejaa mahindi, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Aa," akasema. "Mimi sikukasirika."

Halafu akaniuliza kama kuna hindi lingine.